Zambarau Ijumaa Usiku

Ijumaa, inakaribia saa tatu usiku. Nimekaa mezani kwangu Njiro, simu nimeilaza chali pembeni ya glasi, na kundi letu zima la mvinyo, la kwenye simu, liko kimya. Watu 61 wa Arusha, Moshi, Dodoma, Dar es Salaam na Mwanza wamefungua chupa ya aina moja kwa wakati mmoja, na hakuna anayeandika neno. Tunasubiri kengele.

Kengele yenyewe ni kile kipicha cha njano kilichomo kwenye kila simu. Anayeruhusiwa kukituma ni mtu mmoja tu, mzee wa Moshi ambaye miaka yake yote ya kazi amekuwa mwonja kahawa. Kundini tunamwita Mzee wa Kijiko. Kuanzia saa tatu kamili kila mmoja ananusa, anaonja, anaandika, ila hatumi. Saa tatu na robo kengele inaingia, na maneno ya watu wote yanamwagika kwa mpigo mmoja mpaka simu inatetemeka na kusogea juu ya meza. Katika wiki yangu nzima hakuna dakika ninayoipenda kama hiyo.

Nataka kueleza tulifikaje hapo, kwa sababu hatukuanza hivyo.

Niliingia kundini mwaka 2019 kwa sababu ya picha. Nilikuwa nimenunua chupa ya Chenin Blanc, mvinyo mweupe, ya Dodoma, nikaiweka kwenye ukuta wa baraza, Mlima Meru ukaonekana nyuma yake, nikapiga na kuweka stetasi. Waliotazama waliniandikia hongera, wengine tualike basi, na shangazi yangu akataka kujua kama bado naenda kanisani. Mtu mmoja tu, tuliyesoma naye sekondari na ambaye sasa ni dereva wa watalii, aliuliza, "Ina ladha gani?" Nikaandika, "Nzuri." Akajibu palepale, "Nzuri kama nini?"

Nilikaa na swali hilo jioni nzima. Nilikuwa nakunywa mvinyo kwa miaka sita na sikuwa na jibu.

Dereva huyo ndiye aliyelianzisha kundi. Kazi yake ni kupeleka wageni Tarangire, Manyara na Ngorongoro, na jioni kwenye loji mazungumzo ya mezani huwa hayakosi mvinyo. Alisikia mengi, akayapenda, lakini akirudi nyumbani Kijenge hakuwa na wa kuongea naye. Akawakusanya wahudumu wa hoteli anaofahamiana nao, nao wakawaleta marafiki zao, tukawa tunaongezeka mmoja mmoja. Mpaka leo kundi halina jina la maneno. Lina picha ya kishada cha zabibu, basi.

Mwaka wa kwanza tulikuwa tunaonyeshana chupa tu. Chupa na nyama choma, chupa na keki ya kuzaliwa, chupa mbele ya dirisha la hoteli. Ukienda Instagram au TikTok utakuta hali ni hiyohiyo. Picha ya chupa inasema mambo mawili, bei na mahali. Yote mawili yanamfanya mtu ajipime na mwenzake. Niliona kwa macho yangu namna watu wa chupa za shilingi elfu kumi na tano walivyonyamaza baada ya mtu mmoja kuweka ya laki mbili. Na wale waliokuwa wameanzia kwenye Dompo, ule mvinyo wa bei nafuu, ambao ndio wengi wetu, hawakuthubutu hata kulitaja. Hilo liliniuma wakati ule na bado linaniuma. Mtu aliyeanzia kwenye Dompo ana ulimi kama wa mwingine yeyote, na anakumbuka vizuri zaidi siku alipoonja kitu tofauti kwa mara ya kwanza.

Baadhi yetu tulipakua Vivino, ile programu iliyoanzishwa Denmark mwaka 2010. Unaipiga lebo picha, inaitambua chupa, inakuonyesha watu wengine duniani wameipa nyota ngapi kati ya tano. Mimi bado naitumia nikiwa dukani, inanisaidia. Ila nyota tatu na nusu hazijibu swali la rafiki yangu. Nzuri kama nini?

Majibu yaliyokuwa yanatolewa kundini yalikuwa ya kuazima. Mtu anasoma maelezo ya nyuma ya chupa, kisha anayaandika kama yake: blakikaranti, violeti, ngozi ya tandiko la farasi. Mwenzake anaitikia. Wa tatu anaongeza. Mpaka wa kumi anafika, kila mtu amesikia violeti.

Ndipo akaletwa Mzee wa Kijiko. Aliletwa na binti yake, mpokea wageni hotelini. Wiki tatu hakusema kitu, anasoma tu. Siku ya nne ya mwezi uliofuata akatuma ujumbe wa sauti, na sauti yake ina utulivu wa mtu aliyezoea vyumba visivyo na kelele. "Wanangu, naomba kuuliza. Nani kati yenu amewahi kula blakikaranti?"

Hakuna aliyejibu. Mhudumu mmoja akasema anaijua kwenye Ribena.

"Basi tuanzie tunapopajua," akasema Mzee.

Alitueleza kazi yake. Mwonja kahawa anachota kijiko kimoja na kukifyonza kwa nguvu, kwa mlio, ili kahawa isambae kinywa kizima na harufu ipande puani kupitia nyuma ya koo. Kisha anatema. Kisha anaandika kabla hajamwangalia mwenzake usoni, kwa maana ukishauona uso wa mwenzako ulimi wako si wako tena. Kengele yetu ilizaliwa hapo. Alikuwa ameona ugonjwa wetu kwa kusoma tu: tulikuwa tunaonja ujumbe wa mtu aliyetangulia.

Akatuonyesha pia gurudumu la harufu lililotengenezwa na Ann Noble, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha California, Davis, miaka ya 1980. Ni duara lenye maneno yaliyopangwa kutoka ya jumla kwenda ya ndani: matunda, halafu matunda ya aina gani, halafu tunda lipi hasa. Aliliheshimu sana, akasema yule mama alichofanya ni kuwaondoa watu kwenye maneno kama maridadi na tukufu, akawataka wataje kitu ambacho mwingine anaweza kukishika mkononi na kukinusa. "Lakini mkono wake ulishika vya sokoni kwao. Wa Arusha nendeni Kilombero. Wa Moshi tukutane Mbuyuni."

Nilikwenda Kilombero Jumamosi asubuhi na daftari. Nilinusa pera lililoiva na lililoiva kupita kiasi, na ni harufu mbili tofauti kabisa. Nikanusa ukwaju, pasheni, tende, iliki, karafuu, ndizi mbivu zilizoanza kupata madoa. Mama mmoja aliyekuwa na beseni la zambarau aliniona nimesimama muda mrefu, akanipa tatu bure. Nikala pale pale. Utamu kwanza, halafu uchachu kidogo, halafu ulimi ukashikwa, ukakauka na kuwa kama umepakwa unga. Nilisimama katikati ya soko nikiwa na machozi karibu. Hiyo ndiyo hisia niliyokuwa naipata kwenye mvinyo mwekundu mkavu, yaani usio na sukari, na kuiita kali, kwa kukosa neno.

Na neno lilikuwepo. Ukakasi. Bibi yangu alikuwa analitumia kila siku kwa ndizi mbichi. Kitaalamu kinacholeta ukakasi kwenye mvinyo ni tanini, zinazotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu; zinashikana na protini za mate, ulimi unakosa utelezi wake. Lugha yetu imeutenga ukakasi na uchungu tangu zamani, na uchachu umewekwa kando, na ukali kando. Vitabu vya mvinyo vinatumia kurasa kumfundisha mwanafunzi asichanganye ukakasi na uchungu. Mtoto wa Kiswahili aliyewahi kung'ata bibo anajua tofauti hiyo kabla hajaanza shule.

Kuanzia hapo kundi lilibadilika. Waliokuwa wamenyamaza walirudi. Mtu wa chupa ya elfu kumi na tano aliandika kwamba yake inanukia ndizi mbivu iliyofungwa kwenye mfuko, na watu ishirini wakaelewa mara moja, hata wale ambao hawakuwa na chupa hiyo. Dada mmoja wa Mwanza aliandika, "Udongo wa uwanjani matone ya kwanza ya mvua yakishadondoka," nami nikausikia mvinyo wake nikiwa Njiro. Picha haikuwahi kunifanyia hivyo.

Ugomvi tuliupata mmoja mkubwa, na ninausimulia kwa sababu ulitufundisha zaidi ya jioni zote za amani. Tulikuwa na Syrah, mvinyo mwekundu, ya Afrika Kusini. Kengele ikaingia, na karibu nusu ya kundi wameandika pilipili manga. Kaka mmoja wa Sakina, mwenye pua ninayoiamini, akaandika: hakuna pilipili humu. Akaambiwa ana mafua. Akaambiwa amenunua chupa ya magendo. Mwingine akamwambia aache ubishi, watu wazima wamesema. Akatoka kundini usiku huohuo.

Aliyemrudisha ni yule dada wa Mwanza, ambaye ni mfamasia. Alitafuta, akasoma, Jumapili akaja na jibu. Harufu ile ya pilipili kwenye Syrah inatokana na kemikali inayoitwa rotundoni, ambayo watafiti wa Australia waliitambua na kutangaza mwaka 2008. Imo pia kwenye pilipili manga yenyewe. Na katika majaribio yao, kama mtu mmoja kati ya watano hakuweza kuinusa hata ilipokolezwa. Kaka wa Sakina hakuwa na mafua wala ubishi. Pilipili ya jikoni anaipata, kwa kuwa ina harufu nyingine nyingi ndani yake, ila ile moja haimfikii kamwe. Alichoandika kilikuwa kweli tupu.

Dada alimpigia simu, hakuandika. Naamini alifanya vizuri. Yapo mambo ambayo maandishi kwenye kioo hayawezi kuyatengeneza, hata ukiweka vipicha vya mikono iliyokutana. Aliporudi, waliomkejeli waliomba radhi mmoja mmoja, kwa sauti zao, na ni jioni ambayo sitaisahau. Sasa kila tukinywa Syrah tunataka kujua yeye amepata nini, maana anaona vitu ambavyo pilipili inatuficha sisi.

Lingine dogo: kaka wa Majengo, Moshi, kila mara chupa zake zilikuwa zinachoma kama gongo wakati zetu hazichomi. Moshi iko chini sana kuliko Arusha, na sebule yake jioni ilikuwa nyuzi joto 29. Mvinyo mwekundu unatulia kwenye nyuzi 16 hadi 18. Ukipata joto, kilevi kinapanda puani na kufunika kila kitu. Ule usemi wa kunywa mwekundu kwa joto la chumba ulianzia kwenye nyumba za baridi za Ulaya. Aliweka chupa kwenye friji nusu saa, malalamiko yakaisha.

Na lipo zito. Kuna mwenzetu alianza kutuma picha ya chupa kila siku, kisha mara mbili kwa siku, kisha Jumanne saa nne asubuhi. Tulimwekea vikopa. Mimi pia niliweka, na sijalisahau hilo. Dereva wetu, ambaye ndiye admini, hakuandika chochote kundini; aliwasha gari akaenda kwake. Yule ndugu ameacha kunywa, na alitoka kundini kwa hiari yake. Wachache tunampigia simu, tunaongelea mpira na watoto. Tangu siku hizo hatutumi picha ya chupa mchana, hakuna anayeulizwa kwa nini leo hanywi, na anayetaka kutema kama Mzee wa Kijiko anatema. Wakati wa Kwaresma wengi wa Moshi wanaacha kabisa, hivyo wiki hizo kengele inagonga kwa kahawa, au kwa vikombe vya viungo vilivyofunikwa, watu wananusa na kubahatisha.

Mama wa Hombolo aliingia kundini mwaka 2021. Analima ekari mbili za mizabibu nje ya Dodoma, na alikuwa ametafuta tu watu wanaonunua. Alipouona mjadala wetu wa ukakasi alishangaa. Akasema hajawahi kusikia wanywaji wakiongea habari za maganda na mbegu, kwamba yeye anajua mnywaji ni mtu anayeuliza bei.

Alitubadilishia kila kitu tulichodhani tunakijua. Mizabibu ilipandwa Bihawana, Dodoma, na wamisionari wa Kiitaliano mwaka 1957, hilo tulikuwa tumelisoma. Ambalo hatukulijua ni mavuno mawili kwa mwaka yanavyofanana na kutofautiana. Kule Ulaya baridi inaulaza mzabibu na unazaa mara moja. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa, akavuna kipindi cha mwezi wa pili na wa tatu, tena wa nane na wa tisa. Ya mwanzo wa mwaka hukutana na mvua na ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu; zabibu zinanywa maji na sukari inapungua. Ya kiangazi ndiyo anayojivunia. Alitutumia video akiwa ameshika kifaa cha kupimia sukari juani, kinasoma 22 kwa kipimo cha Brix, akatueleza kwamba sukari ya namna hiyo ikichachuka yote inatoa mvinyo wa kilevi cha asilimia 12 au 13. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayemtambulisha mtoto wake.

Video iliyofuata, miezi michache baadaye, ilikuwa ya kreti za zabibu zilizokosa mnunuzi. Hakusema mengi. Zabibu haingoji kama mahindi. Wiki moja na imekwisha. Yeye na majirani zake walikuwa wamekamua na kupata mchuzi wa zabibu, nao ukakaa kwenye matangi bila soko. Kundi letu si kubwa, na hatukuokoa mavuno ya mtu. Lakini tulianza kununua chupa za wasindikaji wadogo wa Dodoma moja kwa moja: pesa zinaenda kwa simu, chupa zinakuja kwa basi, zaidi ya kilomita 400 kupitia Kondoa na Babati, zimefungwa kwenye kanga kuukuu ndani ya boksi. Nimepokea maboksi hayo stendi alfajiri mara nyingi. Ninayafungua kwa hamu ambayo chupa ya dukani, iliyosimama mwezi mzima juani dirishani, haiwezi kunipa.

Desemba iliyopita nilipeleka moja ya chupa hizo nyumbani Kibosho. Makutupora Red, mkavu, wa mavuno ya kiangazi. Babu yangu ni mtu wa mbege. Ndizi, ulezi, na gome la msesewe la kuitia uchungu. Maisha yake yote ameipima kwa kata, na mgeni akija anaonja kwanza yeye mwenyewe ndipo anampa. Nilimimina kwenye glasi. Akanirudishia. "Anza wewe, mjukuu wangu. Chupa ni yako."

Nikaonja, nikampa. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani hajaupenda.

"Una ukakasi," akasema. "Huo unaujua. Lakini nyuma yake, mwishoni kabisa, kuna msesewe."

Simu ya Babu ni kitochi, kwa hiyo nilimrekodi kwenye yangu na kutuma kundini. Wa Moshi walielewa, wakafurahi. Mzee wa Kijiko aliomba nimsalimie Babu na kumwambia kwamba amekuwa akiutafuta uchungu huo kwenye mvinyo huo kwa mwaka mzima, akakosa jina lake. Mama wa Hombolo akauliza, "Msesewe ndiyo nini?" Watu wakaanza kumwelezea. Uchungu wa mwarobaini? Hapana, si mkali hivyo. Wa kwinini? Hapana. Wa kahawa iliyoungua? Ujumbe 40 na hatukufika. Nikapiga picha ya gome, nikatuma.

"Dada yangu," akaandika, "hiyo ni picha ya mti."

Jumatatu nilikuwa stendi ya Arusha na bahasha. Karani wa vifurushi aliipima mkononi, akauliza ndani kuna nini. Nikamwambia gome. Akauliza kama ni dawa. Nikamwambia hapana, kuna mama Dodoma anataka kulinusa. Aliandika kwenye risiti: gome, kipande 1.

Ijumaa ile tulifungua Makutupora Red, wote. Kengele ikaingia saa tatu na robo, maneno yakamwagika: zambarau, tende, ubuyu, jivu la kuni. Kutoka Hombolo hakuna kitu. Dakika tano baadaye ukaja ujumbe wake wa sauti. Unasikika mlio wa glasi ikiwekwa mezani, kisha pumzi, kisha glasi inanyanyuliwa tena.

"Mwambieni Babu nimeupata."